Kasa wa Watamu: mwana asiyemjua mamaye

MTOTO wa binadamu akizaliwa leo, itapita miezi kadhaa kabla aweze kuketi bila kushikwa, na takriban mwaka mzima kabla apige hatua yake ya kwanza. Muda huo wote hubebwa, hunyonyeshwa, hufunikwa na kuimbiwa. Hata akianza shule bado yuko wa kumfunga kamba za viatu. Ndiposa wahenga wakanena kwamba mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Je, mwana asiyelelewa na yeyote hukuaje? Yuko mmoja hapa hapa nchini, katika ufuo wa Watamu, Kaunti ya Kilifi. Huzaliwa ndani ya mchanga, hana mama wala baba karibu, na usiku ule ule anaotokeza kichwa nje huwa tayari yuko safarini kuelekea bahari kuu. Huyo ni mtoto wa kasa. Ikiwa likizo ya Agosti inakaribia na hujaamua uwapeleke wapi watoto wako, nakualika tuandamane hadi kwake.

NJIA YA KWENDA

Kufika Watamu si kazi kubwa. Ukiwa Mombasa, panda matatu ya Malindi. Utavuka daraja la Nyali, kisha la Mtwapa, upite mashamba ya mkonge ya Vipingo, halafu uvuke daraja la Kilifi. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1991. Kabla ya hapo wasafiri walikuwa wakisubiri feri, na wenye umri mkubwa wanaikumbuka vyema foleni yake.

Baada ya Kilifi, upande wako wa kushoto utaandamana na msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita 420 mraba. Msitu ukishaupa kisogo, teremka Gede. Hapo kuna magofu ya mji wa kale wa Waswahili, ambao mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya turathi za dunia. Ukiwa na wasaa, yazuru. Kisha panda bodaboda au tuktuk na baada ya kilomita chache tu utaona rangi ya samawati katikati ya minazi. Umefika.

Wenyeji hupenda kusema kwamba jina Watamu linatokana na "watu watamu". Ukilakiwa kwa mahamri na mbaazi asubuhi utakuwa huna la kubisha. Bahari ya hapa ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968, ilipotengwa pamoja na ile ya Malindi, nazo ni miongoni mwa hifadhi kongwe zaidi za baharini barani Afrika. Upande wa kusini hori ya Mida inaingia bara katikati ya mikoko. Mbele yako kuna ghuba zenye mchanga mweupe na visiwa vidogo vya mwamba vilivyoliwa na mawimbi chini hadi vikafanana na uyoga.

WALIOZALIWA TAYARI

Kabla hatujashuka ufukweni, hebu tazama kwanza nyumbani kwako. Kifaranga wa kuku hutoka yaini akiwa na manyoya na macho yamefunguka, na haipiti muda anaanza kudonoa. Kinda la njiwa, kwa upande wake, hutoka kipofu na karibu uchi, na lisipolishwa mdomoni na wazazi hufa.

Vivyo hivyo kwa sungura. Anayefuga sungura anajua kwamba watoto wao huzaliwa bila manyoya, macho yamefumba, na mama huwatandikia kwa manyoya anayojing'oa mwenyewe. Sungura wa mwituni, yule anayekukatia njia usiku mbele ya taa za gari, ni mnyama wa namna nyingine. Watoto wake huzaliwa juu ya ardhi, wamevaa manyoya na wanaona.

Tofauti hii haikuja bure. Mwana anayezaliwa tayari hulipiwa mapema. Sungura wa kufugwa hubeba mimba kwa takriban siku 31, ilhali wa mwituni hupitisha siku 40. Yai la kuku, ukilinganisha ukubwa wake, lina kiini kikubwa kuliko la njiwa, maana kifaranga atahitaji chakula kingi cha kumjenga kabla hajatoka. Aidha, mwenye shimo au kiota cha kujificha anaweza kuzaa mtoto dhaifu, lakini anayeishi mahali peupe hawezi. Ndiyo sababu ndama wa nyumbu, ambao huzaliwa kwa maelfu mwezi wa Februari katika nyanda za kusini mwa Serengeti huko Tanzania, husimama baada ya dakika chache tu na siku hiyo hiyo hukimbia pamoja na kundi. Asiyesimama ni mali ya fisi.

Hata hivyo, wengi wa hawa bado wana mama. Kifaranga hulala chini ya mbawa za kuku. Ndama wa nyumbu hunyonya. Hata mamba, ambaye sote tunamwona kuwa katili, huyafukua mayai yake anaposikia watoto wakilia ndani, akawabeba kinywani kwa upole hadi majini na kuwalinda. Nyoka aitwaye bafe amepiga hatua zaidi: watoto wake huzaliwa wakiwa na sumu yao na kila mmoja hushika njia yake. Lakini angalau bafe hukaa na watoto tumboni hadi siku ya kuzaa. Kasa hata hilo hafanyi. Huyaacha mayai yakiwa mabichi, akarudi baharini.

Je, tumwite mama mbaya? Subiri kwanza tumwone akifanya kazi.

MAMA USIKU

Kasa wa aina tano hupatikana katika bahari ya Kenya, na watatu kati yao hutaga katika fuo zetu. Anayetaga zaidi hapa Watamu ni yule ambaye Waingereza humwita kasa wa kijani. Gamba lake hufikia urefu wa mita moja na uzito wake hupita kilo 100. Wengine ni ng'amba, mwenye gamba la kupendeza ambalo karibu limmalize, na kasa mdogo wa rangi ya zeituni.

Msimu wa kutaga hushika kasi kuanzia Machi hadi Julai hivi, wakati kaskazi inapoipisha kusi na mvua za masika zinapoanza. Kasa jike hutoka majini usiku. Mnyama ambaye baharini huruka kama ndege, ufukweni hujikokota kwa shida, akipumzika kila baada ya hatua chache. Hutafuta mahali palipo juu ya mstari wa maji kujaa, penye giza, penye mchanga usiotitia. Pasipomridhisha hugeuka akarudi baharini, na huenda akajaribu tena usiku mwingine.

Akiridhika hujichimbia shimo la kulala, kisha kwa mapezi ya nyuma pekee huchimba shimo la pili, la mviringo kama mtungi, bila hata kulitazama. Humo hutaga mayai takriban 100 au zaidi, meupe na mviringo kama mipira ya tenisi ya mezani. Huyafukia, hushindilia mchanga, hutawanya mwingine juu ili kuficha alama, kisha huondoka. Baada ya wiki mbili hivi atarudi kutaga tena, na huenda akafanya hivyo mara kadhaa katika msimu mmoja. Halafu atapumzika miaka miwili au zaidi.

Basi, msomaji, hapo ndipo penye siri. Ulezi wote wa kasa umo katika kuchagua mahali. Hatakuwapo kumwamsha mwanawe, kumlisha, kumwonyesha njia wala kumfukuzia kunguru. Kazi hizo zote ameukabidhi ufuo. Mchanga ndio utakaoyaatamia mayai na giza ndilo litakaloonyesha njia. Mtoto wa kasa ana yaya, na yaya huyo ni pwani yenyewe.

NDANI YA MCHANGA

Mayai hukaa mchangani kwa takriban siku 60, pungufu au zaidi kulingana na joto. Joto hilo pia ndilo linaloamua kama mtoto atakuwa jike au dume. Mchanga ukiwa karibu na nyuzi 29 hutoa wa jinsia zote mbili. Ukizidi joto hutoa majike. Ukipoa hutoa madume.

Jambo hili si la kuchekesha. Mwaka 2018 watafiti nchini Australia walitangaza kwamba katika kundi moja la kasa wa kijani huko kaskazini mwa nchi hiyo, takriban 99 kwa kila 100 ya kasa wachanga walikuwa majike, kwa kuwa mchanga wa fuo wanakozaliwa umezidi kupata joto. Ndiyo kusema kwamba mvinje na vichaka vinavyotia kivuli ufukweni vina kazi zaidi ya kupendeza macho.

Siku ikifika, mtoto hutoboa yai kwa kijino kidogo kilicho puani, ambacho baadaye hudondoka. Hatoki mara moja. Yeye na wenzake huchukua siku kadhaa wakipanda kwa pamoja: wa juu huangusha mchanga, wa chini huukanyaga, na sakafu ya shimo huinuka kidogo kidogo. Wakikaribia juu, mchanga ukiwa na joto la jua hutulia. Unapopoa, wanajua ni usiku. Hapo ndipo ufuo huchemka kwa viumbe weusi wenye urefu wa sentimita tano hivi, ambao uzito wao haufiki hata wa yai la kuku.

MBIO ZA KWANZA

Hajawahi kuiona bahari, lakini anaijua iliko. Huelekea upande ulio mweupe zaidi chini ya upeo wa macho, kwa maana usiku wa kawaida anga juu ya maji huwa na nuru kuliko miti na vichaka vilivyo nyuma yake. Njiani kuna kaa wa mchangani wanaomvuta mashimoni, na kukipambazuka kabla hajafika, kunguru watakuwa juu yake.

Akigusa maji hubadili dira. Sasa hufuata mawimbi, akiogelea kuyakabili, na hivyo hujikuta anatoka pwani. Akishafika mbali huitumia sumaku ya dunia, kama nahodha mwenye dira. Hakufundishwa lolote kati ya haya. Tumboni amebeba kiini kilichosalia cha yai, ndicho chakula chake cha safari, nacho humwezesha kuogelea mchana na usiku bila kusimama hadi apite eneo lenye samaki wengi wanaomwinda.

Baada ya hapo humezwa na bahari kuu kwa miaka, akielea na kula viumbe vidogo. Wanaobahatika hurudi karibu na nchi kavu wakiwa na ukubwa wa sahani, wakaanza kuchunga nyasi za baharini, na hapa Watamu utawakuta baadhi yao ndani ya hori ya Mida. Inakadiriwa kwamba kati ya watoto 1,000 ni mmoja tu anayefikia utu uzima. Jike hukomaa akiwa na umri wa miaka 20 hadi 40, na anapotaka kutaga hurudi katika eneo lile lile la pwani alikozaliwa.

YAYA AKIUGUA

Sasa tufike kwenye uchungu wa habari hii. Mwana mwenye mama, mambo yakibadilika, huhamishwa. Paka hubeba watoto wake akawapeleka mahali pengine. Mwana wa kasa hana wa kumhamisha. Alichonacho ni maarifa aliyozaliwa nayo, na maarifa hayo yanafaa katika ufuo wa aina moja tu, ule ambao mababu zake waliujua. Ufuo ukibadilika, maarifa yale yale yanayomwokoa ndiyo yanayomuua.

Chukua taa. Taa kali ya baraza au ya kidimbwi cha kuogelea ikimulika mchanga, mtoto wa kasa huona kule ndiko kweupe, kwa hivyo huipa bahari mgongo na kukimbilia barabarani. Asubuhi huokotwa amekauka kwa jua.

Chukua ukuta. Mwenye ploti akiogopa maji kumega ardhi yake, hujenga ukuta wa mawe. Kasa jike akifika hukuta njia imezibwa, akalazimika kutaga chini ya ukuta, mahali ambapo maji ya bamvua yatafika. Yai hupumua kupitia ganda lake. Likifunikwa na maji ya chumvi, kilicho ndani hufa.

Chukua takataka. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi Agosti 2017, na tangu Juni 2020 chupa na vyombo vya plastiki vya kutumiwa mara moja haviruhusiwi katika hifadhi. Hata hivyo bahari haina mpaka, na mawimbi huendelea kuleta vya mbali. Kasa hushindwa kutofautisha mfuko unaoelea na yavuyavu, ambaye ni chakula chake.

BINADAMU NA KASA

Uhusiano wetu na mnyama huyu ni wa kale. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya kwanza, kiitwacho Periplus, kinataja magamba ya kasa miongoni mwa bidhaa zilizonunuliwa katika pwani hii. Kwa karne nyingi gamba la ng'amba lilisafirishwa ng'ambo likageuzwa vitana, vikuku na mapambo ya visanduku. Nyama na mayai navyo vililiwa.

Leo sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamlinda kasa, na anayepatikana na nyama, mayai au gamba lake hukabiliwa na adhabu kali. Na hata pasingekuwa na sheria, nyama ile wakati mwingine huwa na sumu isiyotoka kwa kupikwa. Mwezi Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Mzazi na asikie.

Habari njema ni kwamba Watamu imeanza kumlipa kasa deni lake. Shirika la Local Ocean Conservation, lililoanza kazi mwaka 1997, hufanya doria za usiku ufukweni na kulinda mashimo ya mayai. Lililo hatarini kufikiwa na maji huhamishwa kwa uangalifu hadi mahali palipo juu. Wavuvi nao, kasa akinasa wavuni kwa bahati mbaya, hupiga simu badala ya kushika kisu. Kasa hupimwa, hutiwa kibamba cha alama kwenye pezi na kurudishwa majini. Mgonjwa hutibiwa katika kituo cha shirika. Mvuvi hupewa kifutajasho kwa muda wake na wavu wake. Kiasi hicho si kikubwa, bali ni dalili kwamba mwenye riziki ya bahari hakusahauliwa.

UKIENDA NA WATOTO

Kituo hicho hupokea wageni, na watoto watajifunza humo mengi kuliko nitakayoweza kuandika. Ukibahatika kuwapo siku ya kuangua, zingatia haya. Usitumie kurunzi wala taa ya simu. Kaeni nyuma ya shimo, msisimame kati ya watoto wa kasa na bahari. Usimbebe kumpeleka majini, hata ukimwonea huruma. Mwache atembee mwenyewe, isipokuwa wahudumu wenye kibali wakuelekeze vingine. Ukikuta shimo ambalo halijulikani, usilichimbe. Toa taarifa kwa shirika hilo au kwa askari wa Shirika la Wanyamapori, KWS.

Mchana, watoto wako wakichimba mahandaki mchangani kwa kucheza, wafukie kabla ya jua kutua. Shimo la futi moja ni mchezo kwa mtoto wako, lakini kwa wa kasa ni kaburi. Hoteli ikiacha taa ikimulika ufuo, iulize kwa adabu kama inaweza kuzimwa au kuelekezwa chini. Mgeni anayelipa husikizwa.

Hatimaye, piga hesabu hii ndogo. Mtoto wa kasa atakayeingia baharini Agosti hii, akiwa ndiye yule mmoja kati ya elfu, huenda asirudi kutaga hadi baada ya miaka 30. Bintiyo wa miaka minane atakayemtazama akienda atakuwa na miaka 38, pengine na watoto wake mkononi. Kasa hatamkumbuka mtu yeyote. Atakachotafuta ni mchanga mkavu, giza na nafasi ya kuchimba. Mama yake alimwachia hivyo vitatu tu, na hakuwa na kingine cha kumwachia. Kama vitakuwapo usiku huo, au atakuta ukuta na taa, hilo linaamuliwa na watu wazima wa leo: mwenye ploti, mwenye hoteli, afisa wa kaunti anayeidhinisha ramani za ujenzi, pamoja nawe msomaji utakayepanga chumba.